Harusi Mwezi wa Mei

Eun-sol, nina hasira mno. Usinipigie, niko na mama, atasikia.

Si leo mimi na Tae-gyu tuliwapeleka wazazi wetu sinema, ile filamu ya mauaji ya Mei 1980 hapa kwetu Gwangju? Mama amelia mwanzo mwisho. Tunatoka tu, baba yake Tae-gyu anasema, "Wametia chumvi. Jeshi gani linaua raia wake?"

WAMETIA CHUMVI! Mbele ya mama, ambaye kaka yake alipigwa risasi Mei ile ile!

Mzee akaendelea, eti harusi yetu iwe mwishoni mwa Mei, mawaridi yamechanua.

Hapo mama akamgeukia. "Baba Tae-gyu, siku hizo njoo mtaani kwetu. Bisha mlango wowote. Kila nyumba utawakuta wanawapikia marehemu wao chakula cha kumbukumbu. Waambie wao kwamba ni chumvi."

Na Tae-gyu wangu? Katulia kama maji mtungini! Tumefika kwenye gari ndipo ananiuliza, "Kwa hiyo tuweke Juni?"

JUNI, Eun-sol!

Nimemtupia pete yake dirishani. Sasa tunatembea kwa miguu, na mama ananisihi nimsamehe, eti kijana wa watu hakuwa hata amezaliwa.

Kwani mimi nilikuwa nimezaliwa?