Kikao cha Dharura Kuhusu Mchoro wa Matawi, Zahanati ya Ng'wabuki

Tarehe: 14 Agosti 2025, saa 4:10 asubuhi
Mahali: Chumba cha kusubiria wagonjwa

Waliohudhuria: Januarius Maduhu (Mwenyekiti), Fredrick Masalu (Katibu), Esteria Joakim (Muuguzi), Mzee Ng'washi, Milembe Maige (mjumbe, ndiye mchoraji).
Hakuhudhuria: Josia (mjumbe), kwa taarifa. Yuko mnadani Lingeka.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kikao kiwe kifupi kwa kuwa chokaa ya kuufuta mchoro imeshakorogwa. Milembe aliuliza nani aliamua ikorogwe kabla ya kikao. Mwenyekiti aliendelea na ajenda ya pili.

KUMB. NA. 2/2025: MALALAMIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba mchoro huo wa mkaa ukutani, shina lenye matawi yanayozaa matawi hadi wembamba wa sindano, unawatia wazee hofu. Mzee Ng'washi alithibitisha: "Ukilifuata tawi halikuachii. Kitu kisicho na mwisho hakiwekwi kwa wagonjwa."

Milembe alijibu kwamba ameutoa kwenye nyufa za mbuga ya mpunga, mpunga ukishavunwa na udongo ukapasuka. Alivunja kijitawi kutoka tawi la mgunga alilokuja nalo, akakilaza mezani kando ya tawi hilo. "Baba, angalia. Mtoto kafanana na mama yake. Uchawi uko wapi hapo?"

Muuguzi alieleza kwamba tangu Machi wagonjwa wa presha hutulia wakiutazama, na watoto hunyamaza wakifuata matawi kwa kidole. Aliongeza kwamba Mzee Ng'washi mwenyewe, siku ya kupimwa, aliitwa mara tatu ndipo akasikia. Mzee alisema hilo lisiandikwe. Wajumbe wawili walisema liandikwe.

KUMB. NA. 3/2025: KONA
Ilibainika kwamba Jumatatu Mwenyekiti alishapaka kona moja. Chokaa, iliyopakwa nene juu ya ukuta wa udongo usiolowanishwa, imepasuka: ufa mkubwa umezaa nyufa ndogo, nazo zikazaa nyingine. Wajumbe walisogea kuutazama.

Milembe alisema, "Hiyo sikuchora mimi." Mzee Ng'washi alicheka, akaufuata ufa kwa fimbo yake mpaka sakafuni. "Ng'wanone, mwanangu," alimwambia Milembe, "uache mchoro wako ubaki."

Mwenyekiti alisema atapaka tena. Milembe alisema apake tu. Naye atachora tena, na chokaa itakwisha kabla ya mkaa wake.

KUMB. NA. 4/2025: AZIMIO
Mchoro ubaki: kura tatu. Ufutwe: moja. Katibu hapigi kura. Mwenyekiti alielekeza iandikwe kwamba kikao kimeahirishwa. Katibu ameandika kilichotokea.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa 5:35. Mwenyekiti alibaki akitazama kona. Aliitwa mara tatu kuja kusaini.

J. Maduhu, Mwenyekiti (amesaini)
F. Masalu, Katibu (amesaini)