Kimo Changu Nilikiacha Chini

Nyumbani, nyuma ya karakana ya mbao,
Jumamosi alasiri, tarehe 14.

Mpendwa mpwa wangu, Mwalimu wetu,

Salamu za mjomba wako zikufikie huko mbali zikiwa bado za moto. Hujambo? Kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa baridi ya huko kimepoa? Na hao wanafunzi wako wa hisabati, wanakusikiliza au wanakuchosha? Sisi hapa miili haijambo. Goti langu linauma kidogo, lakini ni goti lililopanda mapaa ambayo ndege hupumzika mara mbili kabla ya kuyafikia, kwa hiyo nalo lina haki yake.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ya kujisifu. Unanijua. Hata maneno ya kuanzia nilikuwa nayo tayari. Sasa nakuandikia hii nyingine, na kalamu ni nzito.

Kampuni yetu ya ujenzi imepata meneja mpya. Huyo kasema kila fundi mkuu wa mapaa afanye mtihani wa pembe: sini, kosini, tanjenti, na jinsi ya kuzitumia kazini. Asiyepita anashuka, anakuwa msaidizi. Wenzangu walinung'unika. Mimi nikacheka, nikawaambia tanjenti nilizitafuna shuleni kama karanga, na kwamba mwalimu wangu akikwama alikuwa anatuma mtu aje kuniita. Wewe unajua niliishia darasa la ngapi. Kaa nalo moyoni.

Basi nikakitoa kabatini kile kitabu chako cha mazoezi. Mpwa wangu, nimeteseka. Miaka yote nimejenga kwa jicho na kamba, na upepo ukifika kwenye paa langu unaomba njia. Lakini kitabu kinasema ngazi imeegemea ukuta, tafuta pembe, nami naona ngazi tu. Nikiishika sini, kosini inaponyoka. Mkazamjomba wako alikuwa ananisomea maswali huku anashona nguo za watu, na kabla wiki haijaisha yeye ndiye aliyekuwa anajibu.

"Upande uliosimama, gawa kwa upande uliolala," ananiambia, mguu uko kwenye cherehani. "Ni kama kukata sketi ya pande tu, baba."

Akanitengenezea na kipimo: kipimapembe cha plastiki, uzi, na nati inayoning'inia chini. Jioni tunatoka uani, napima nguzo ya umeme. Kila mara ananikumbusha kwamba jicho langu haliko ardhini, kwa hiyo jibu likipatikana niongeze kimo changu, kutoka nyayo hadi jichoni. Nami kila mara namjibu kwamba mtu mrefu kama mimi hasahauliki.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Sehemu ya karatasi nilijikokota hivyo hivyo nikavuka. Ya vitendo ilikuwa kupima mnara wa tangi la maji pale kazini. Nikasimama mita ishirini kutoka mnarani, nikatazama ncha, uzi ukanipa nyuzi arobaini, nikabonyeza kikokotoo, na kwa mara ya kwanza maishani hesabu ikanitii. Mita kumi na sita na nukta nane! Nililitangaza jibu hilo mpaka wachomeleaji wakazima mashine zao.

Msimamizi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza, "Una uhakika, fundi? Muda bado upo."

Mwenye masikio angesikia. Mimi nikamwambia minara hunijibu yenyewe, na huu umeshajibu.

Akafuata shemeji Taratibu, kaka wa mkazamjomba wako. Jina hilo nilimpa mimi, maana msumari mmoja anaupiga mpaka chai inapoa. Akapima, akaandika, akafuta. Kisha akajinyooshea futi kamba kutoka miguuni hadi jichoni, akaongeza. Watu wakamcheka, na kicheko nilikianzisha mimi. Yeye akapata. Mimi nikapungukiwa na urefu wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Mpanda ngazi hushuka, lakini wengine tunashuka bila kugusa vidato. Jumatatu Taratibu ndiye fundi mkuu wangu, nami nitamshikia mwisho wa futi kamba. Wala hakunicheka. Alinivuta kando akasema, "Shemeji, mwambie dada mwenyewe. Jumapili nakuja kula kwenu, nisimkute hajui." Heri angenicheka.

Nilipofika nyumbani, hata viatu sijavua, mkazamjomba wako akaniuliza, "Kimo uliongeza?"

Nikasema, "Niliongeza."

Neno moja tu, mimi ambaye nikisimulia jambo watu hubeba mito. Akafumba macho akamshukuru Mungu, kisha akaenda kuwaambia majirani.

Sasa yuko chumba cha pili. Kalichukua koti langu la kazi, analishonea mfuko wa kikokotoo, anasema fundi mkuu hatembei na vitu mkononi. Namsikia. Cherehani inakimbia, inasimama, inakimbia. Nimeinuka mara mbili niende kumwambia, nikakaa tena. Niliwaza nikuombe wewe umwandikie, maana maneno yako anayaheshimu. Lakini barua ina safari ndefu, na kesho ndiyo Jumapili.

Nisalimie mumeo, na watoto wote uwapakate kwa niaba yangu. Mama yako, dada yangu, ukimpigia simu mwambie tu mimi mzima, mengine niachie. Mungu akufunike, akupe kazi usiyoiogopa na nyumba usiyoikwepa.

Naishia hapa. Cherehani imenyamaza, naye ananiita nikalijaribu koti.

Akupendaye hata pale hesabu zinapomshinda,
Mjomba wako.