Nilisali Chini ya Kuba la Qalhat

Dada Zuwena, shikamoo. Joto la Maskati halisemeki, lakini mimi nnatetemeka.

Juzi, tukirudi kutoka Sur kwa jamaa za mume wangu, mavyaa wangu alitaka tupumzike Qalhat. Mji wa kale wote umebomoka, imesimama nyumba moja tu yenye kuba, ya mawe na chokaa kama yetu ya Malindi. Ukutani mna kishubaka, nikadhani kibla cha msikiti. Nikavua viatu, nikasali rakaa mbili. Kila nikisujudu, sakafu inaitika kama pipa tupu.

Nilipotoa salamu, mavyaa alikuwa kasimama mlangoni, hataki kuingia. "Mwanangu, hili ni kaburi," akanambia. "Bibi mmoja alimjengea mumewe, Mturuki aliyetawala hapa zamani. Kalazwa chumba cha chini, hapo hapo ulipoweka paji lako." Akalitazama tumbo langu, akaniita nitoke upesi.

Mwambie mama nnakula vizuri, na mandazi yake nnayaota. Ukimsomea kadi hii, ishia hapa.

Mtoto hajacheza tangu saa ile. Niombee, dada yangu.

Mdogo wako, Asya