Nimemchora Mdogo Wangu Mara Tisa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nina jambo limenikaa kooni miaka mitatu, halimezeki wala halitemeki, ndiyo maana nakuandikia wewe nisiyekujua, tafadhali usinicheke.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kazi yangu ni kuchorea gazeti, na sisemi katuni, mimi hutumwa penye tukio lenyewe, watu wakiandamana nakaa ukingoni mwa barabara na kigoda changu na penseli nachora papo hapo, na ni kazi ya mbio kwa sababu waandamanaji hawakusubiri, unaanza na bega la huyu unamalizia na mguu wa yule, ukitazama baadaye unakuta umeumba mtu mmoja kutoka kwa watu watatu, lakini yupo mmoja tu ambaye namchora mzima mzima bila kukosea, naye ni mdogo wangu.

Tulizaliwa wawili tu. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoondoka nyumbani, alikuwa na miguu ya baridi na akipenda kuibandika kwenye miguu yangu, mimi napiga kelele yeye anacheka, na hadi leo nikilala najikuta nimejikunja upande mmoja kana kwamba bado namwachia nafasi.

Yeye ni muuguzi. Mama alipougua, mdogo wangu ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko, na mimi sikujua pa kushika, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikachora, nilichora mikono ya mama, nilichora mfupa wa bega, nilimchora amelala mdomo wazi, na mdogo wangu aliona akanyamaza, nadhani alielewa kwamba ndiyo namna yangu ya kulia. Mama akafariki. Miezi miwili baadaye mhariri wangu aliiona ile michoro mezani, akaniomba mmoja auweke kwenye habari ya upungufu wa vitanda wodini, nami nikampa, mshauri, nikampa kwa mkono wangu huu na hata sikumuuliza mdogo wangu, nilijiambia itasaidia watu.

Alikuja ofisini na gazeti mkononi, mbele ya wenzangu wote. Akasema, "Dada, mama alikuwa hafungui mlango hata kwa jirani bila kitambaa kichwani. Leo umemwanika kichwa wazi, mji mzima umemwona." Nikamwambia, "Lakini ni mchoro tu." Akasema, "Basi na mimi nihesabu nimekufa pamoja naye." Akabadilisha namba ya simu.

Miezi minne iliyopita wauguzi walianza kuandamana kila Alhamisi, kutoka geti la hospitali mpaka wizarani, wakidai wenzao walioachishwa kazi warudishwe, na mhariri akanituma, na huko nikamwona, safu ya tatu, sare imepauka, anapuliza filimbi. Tangu siku hiyo sihitaji kutumwa, najipeleka mwenyewe. Nakaa pale ninapojua atapita, natamani ageuke anione, na akitaka kugeuka nainamisha kichwa kwenye karatasi. Gazetini napeleka umati, yeye namfungia kwenye droo.

Alhamisi iliyopita polisi walifunga barabara, maandamano yakasimama, mimi niko kwenye ngazi za posta namalizia sikio lake, nainua macho simwoni safuni, kumbe amesimama mbele yangu. Mvi zimeanza kumtoka juu ya masikio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akautazama ukurasa. "Nimekonda hivyo?"

"Kidogo."

"Umenichora mara ngapi?"

"Hii ya tisa."

"Na mara ngapi umekuja kwangu?"

Filimbi zikalia, akarudi safuni. Nilibaki nimeshika penseli kama zuzu.

Sasa mhariri ameuona huo mchoro wa tisa kabla sijaufungia, na anautaka ukurasa wa mbele, anasema sijawahi kuchora kitu kama hiki, nami nimemwambia asubiri kidogo. Mshauri, nifanyeje? Nimwombe ruhusa ya picha, angalau nipate sababu ya kumwona? Au nimfungashie michoro yote tisa nimpelekee iwe zawadi? Au niache kabisa kuchora maandamano? Namkumbuka mpaka nasikia sauti yake kwenye umati ambao hata hayumo.

Mchoraji wa Ngazini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ukurasa wako wa kwanza umenitoa machozi, wa pili umenikasirisha, kwa hiyo pokea vyote viwili.

Pole sana kwa kufiwa na mama. Kumchora akiugua si dhambi. Mtu asiyejua kuuguza hushika kile anachokijua, na mdogo wako alikuvumilia kwa sababu aliliona hilo. Ulikosea ulipoutoa mchoro nyumbani bila kuuliza. Yule alikuwa mama wa wawili, nawe ukaamua peke yako. Tena aliyekuja na uchungu wake ukamwambia "ni mchoro tu". Kama ni mchoro tu, mbona wa mdogo wako unauficha kwenye droo?

Na huo ujanja wa ruhusa ya picha uache. Umemkosea kwa mchoro, sasa unataka kubisha hodi kwake na mchoro mwingine! Mwenzako ametoka kwenye safu, polisi wakitazama, akakuamkia. Umesikia? Aliyekukata kabisa hakuamkii. Kisha akakuuliza swali la maneno matano, na badala ya kumjibu yeye umeniandikia mimi kurasa mbili. Mimi sikukuuliza kitu.

Haya, nisikilize. Kabla hujalikunja gazeti hili, mwambie mhariri wako hapana. Usimwambie "subiri kidogo", mwambie hapana. Watu wanaandamana kwa sababu wenzao wameachishwa kazi. Uso wa mdogo wako ukurasa wa mbele unaweza kumponza na yeye, na hilo ulipaswa kuliona wewe kabla yangu. Kazi yako usiiache, wale wauguzi wanahitaji kuonekana. Ila kuanzia sasa, kama uso wa mtu unatambulika, unamuuliza mwenyewe kwanza.

Jumapili nenda kwake, mchana, akiwa ametoka zamu na amepumzika. Kigoda, penseli na hiyo michoro tisa vibaki nyumbani. Akifungua, sema, "Nilikosea kumtoa mama gazetini bila kukuuliza." Weka nukta hapo. Usiongeze "lakini", umeshaitumia mara moja na unajua ilikufikisha wapi. Akikusema, semwa. Akilia, lia naye. Ana maneno ya miaka mitatu, mwache ayamalize. Akiutaka ule mchoro wa mama, mpelekee, na akiuchana mbele yako usinyanyue mkono kumzuia.

Na asipofungua, usigonge mpaka majirani watoke. Rudi nyumbani, Jumapili inayofuata uende tena, na nyingine tena. Mpaka achoke yeye, si wewe.