Umeimaliza Bila Mimi

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe moto. Pasi usiiguse, waya wake umechunika.

Asubuhi uliposema umeshaimaliza kwa rafiki yako ile katuni yetu ya vita vya angani, nilijibu "sawa tu" nikaendelea kufunga viatu. Kusema kweli, katuni yenyewe haikunikuna sana. Vyombo vyao vya angani vinang'aa, sawa, lakini nahodha gani huyo anayehutubia kwanza ndipo afyatue kombora? Mimi nilikuwa nakaa kwa sababu wewe ulikuwa unakaa, na kila nikisinzia unanifinya: "Baba, angalia, msaliti ndiye huyo!"

~~Usinisimulie mwisho wake.~~

Nisimulie. Ila tuwe kwenye kochi, na nikisinzia unifinye.

Baba msinziaji