Mkono Ulioingia Kooni kwa Nyange

Baba,

Ni mimi Kabula, binti yako wa tatu, yule wa maswali. Nakuandikia kutoka chumbani kwangu Makanyagio, hapa Mpanda mjini. Nimekalia boksi la kubebea sampuli kwa sababu kiti changu cha pekee nimemwazima jirani aliyepata wageni. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike Kasansa na sijawahi kukuandikia. Hata ulipokuwa hai hatukuandikiana, tulipigiana simu tu. Simu ndiyo iliyonifikisha hapa, kwa hiyo leo niache niandike.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua akiinuka. Baba Mkubwa ndiye msemaji wa boma sasa, na anagomba na ndama kama vile wanamwelewa. Na Mzee Luhende, jirani yako wa ng'ambo ya korongo, mwezi uliopita alianza kung'oa nguzo za zizi lake ahame. Tangu ufe watu wanasema ni yeye aliyekuroga. Watoto wake hawasalimiwi kisimani, na juzi juzi mtu asiyejulikana alichoma banda lake la majani. Hata Mama alikuwa akimwona njiani anageuza uso. Mimi nilikuwa najua si yeye, Baba. Nilijua karibu miaka miwili, nikanyamaza.

Ngoja nikueleze nilijuaje, maana ukiwa hai ungenikatisha kila baada ya maneno mawili.

Nimepata kazi kwenye utafiti wa kichaa cha mbwa. Kazi yenyewe ingekuchekesha, kwa sababu nalipwa kwa kuuliza maswali, kile kile ulichokuwa ukinikemea: "We mtoto, utauliza mpaka maji yaishe kisimani." Tukisikia mtu kaumwa na mnyama, napanda pikipiki naenda. Namuuliza ni mnyama gani, alitokea wapi, alielekea wapi, alimuuma nani mwingine njiani. Kisha naenda kwa huyo mwingine. Halafu narudi kinyume: huyo mnyama naye aliumwa na nani? Nafuata ugonjwa nyuma, nyumba kwa nyumba, kama wewe ulivyokuwa ukifuata kwato za ng'ombe aliyepotea, mpaka njia inapokatika porini.

Mnyama akifa tunakata kichwa, tunaingiza mrija kwa nyuma pale kinapoungana na shingo, tunatoa kipande kidogo cha ubongo na kukipeleka maabara. Siku ya kwanza nilimwachia mwenzangu mrija. Sasa hivi naweza kuifanya kazi hiyo na saa moja baadaye nikala ugali vizuri tu. Maabara wanaangalia virusi na kuona ukoo wake, kwamba huyu wa bweha ni ndugu wa yule wa mbwa au ametoka kwingine. Wakubwa wangu wanabishana sana juu ya hili. Je, ugonjwa unakaa kwa mbwa wetu na kuwamwagikia wanyama wa hifadhi, au unakaa porini na kutufuata sisi? Kama unakaa kwa mbwa, tukichanja mbwa wa kutosha umekwisha. Kama unakaa porini, nani atamshika bweha amchanje? Mpaka sasa sampuli zetu za bweha zinafanana na za mbwa wa vijijini, lakini ni chache, na mimi silali kwa kutaka kujua zaidi.

Siku za chanjo ungezipenda. Watu wanaleta mbwa kwa kamba za katani, wengine wamewapakia kwenye baiskeli. Naandika majina yao kwenye kadi. Pale Nsemulwa kuna mbwa anaitwa Mtajua, na mwenye mbwa alinikataza katakata nisiandike jina lingine.

Sasa nije kwako.

Ulipougua nilikuwa chuoni, mwaka wa kwanza wa mifugo. Nilifika hospitali siku ya pili. Mkono wako wa kulia ulikuwa unawaka moto, ulisema, na hapakuwa na jeraha la maana. Nilikuletea maji kwenye kikombe ukayaangalia kama nyoka. Ulikuwa na kiu, Baba, midomo imepasuka, na hukuweza kunywa. Sitaki kuandika mengine. Daktari alituuliza kama umeumwa na mbwa. Wote tukasema hapana, hata wewe ulitikisa kichwa, na ilikuwa kweli. Siku ya nne ukaenda. Watu wakakumbuka kwamba mlikuwa mmegombana na Mzee Luhende juu ya mabua ya mahindi, kwamba ng'ombe wako waliingia kwake. Wakakumbuka pia kwamba wakati wa mavuno alionekana alfajiri akifukia kitu nyuma ya boma letu. Ikatosha.

Mwaka wangu wa tatu chuoni, mwalimu alituonyesha picha za video za ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa. Alikuwa anadondosha mate kama uzi, anajaribu kumeza anashindwa, analia kwa sauti iliyokauka, miguu ya nyuma inayumba. Mwalimu akasema wafugaji wengi hudhani ng'ombe wa hivyo amekwamwa na kitu kooni, wakaingiza mkono kukitoa, na mate yenye ugonjwa yakapenya kwenye mchubuko. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya vyoo.

Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mtoaji, Kasansa nzima. Ng'ombe akikwamwa na gunzi au kiazi, watu walikuita kutoka vijiji vya mbali kwa ajili ya mkono wako mrefu mwembamba. Mmoja anashika pembe, mwingine anavuta ulimi pembeni, wewe unazamisha mkono mpaka kiwiko, umefumba macho, unasikiliza kwa vidole. Ukimaliza unanawa kwa majivu. Nikiwa mdogo niliamini kila baba anajua kufanya hivyo.

Na kwa sababu nilimkumbuka Nyange, yule jike mweupe. Ulinipigia simu mchana nikiwa na wenzangu kantini. Ulisema, "Daktari wangu, huyu Nyange simwelewi. Mate yanamtoka, hali, analia vibaya." Nilikuwa na miezi minne tu darasani. Wenzangu walikuwa wananisikiliza, nami nilitaka wajue kwamba baba yangu ananiita daktari. Nikakujibu haraka haraka, "Kakwamwa huyo, Baba. Ingiza mkono, fika mbali kabisa." Mimi wa maswali, siku hiyo sikuuliza hata moja. Sikuuliza ameanza lini, sikuuliza kama kuna mnyama aliingia zizini. Nyange akafa baada ya siku mbili, na miezi miwili baadaye mkono wako ukaanza kuchoma.

Hicho ndicho nilichokuwa nakinyamazia. Ili nimsafishe Mzee Luhende ilibidi niseme habari za ng'ombe, na nikisema za ng'ombe lazima niseme za simu. Niliona aibu. Niliogopa uso wa Mama. Kila nilipopigiwa kwamba Mzee Luhende katengwa hivi au vile, nilijiambia nitasema sikukuu ijayo.

Niliposikia anang'oa nguzo, niliomba ruhusa kazini nikapita Sitalike, nikavuka hifadhi, nikashukia kwake badala ya kwetu. Alinitazama kama niliyetumwa kumtukana. Nikamuuliza alichofukia nyuma ya boma letu. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema, "Bweha." Kwamba siku moja bweha alikuja mchana kweupe, haogopi mtu, akavamia ng'ombe waliokuwa wanakunywa korongoni, wake na wetu pamoja, akang'ang'ania mdomo wa jike jeupe. Mzee Luhende akamuua kwa rungu. Halafu akaogopa, maana ni mnyama wa hifadhi. Akamficha kwenye magugu mpaka kesho yake, akamfukia alfajiri pale kwenye udongo laini nyuma ya boma lako. "Ningesema nimeua mnyama wa serikali, nani angenitoa jela?" Na ulipokufa alishindwa kusema, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshajua kilichofukiwa ni dawa.

Baba, nikuambie ukweli, wakati ule huzuni ilinitoka kidogo. Nilitaka jembe. Tulikwenda wawili, mzee na mimi, tukachimba. Tulipata taya, meno marefu membamba, na fuvu lililopasuka upande. Nilimuuliza kama bweha aliumwa na mbwa yeyote kabla, kama alionekana kijiji kingine, alitokea upande wa hifadhi au upande wa barabara. Alijibu yote, na nikagundua kwamba kwa miaka minne hakuna aliyemuuliza chochote. Nilipiga simu maabara kuuliza kama mifupa ya miaka minne inaweza kusema kitu. Haiwezi. Ubongo ulishaoza. Kwa hiyo kwenye fomu yangu nimeandika "inadhaniwa", na neno hilo linaniuma kila nikilisoma.

Kesho yake Baba Mkubwa aliita kikao. Niliweka taya juu ya gunia mbele ya watu. Nikasimulia habari za bweha, wakaguna. Nikasimulia za Nyange, wakasogea karibu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini Baba Mkubwa akauliza, na ni haki yake kuuliza, iweje mtu aliyetoa magunzi miaka thelathini asitambue ng'ombe asiyekwamwa? Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa kantini, nilikuwa najionyesha, na maneno yenyewe nikayarudia kama nilivyoyasema. Nililia mbele ya wajomba wote, kamasi na kila kitu.

Ndipo Mama akasema. Hakuinua sauti. Alisema asubuhi ya siku ile, kabla hujanipigia, ulikuwa umeshaingiza mkono. Ulitafuta ukakosa, ukamwambia Mama, "Huyu hana kitu." Ndiyo maana ulipiga simu. Tulipomaliza kuongea ulirudi zizini ukavua shati, Mama akakuuliza unarudia nini, ukamjibu, "Mtoto kasoma. Labda mimi sikufika mbali."

Jioni aliona mchubuko kwenye kidole gumba, mdogo, wa jino.

Mkono uliingia mara mbili, Baba. Mara moja kwa akili yako na mara moja kwa ushauri wangu. Mchubuko ulikuwa mmoja, na Mama hakuangalia kidole mchana. Mama anasema ulikuwa wa asubuhi, lakini Mama ananipenda. Nimewauliza walioshika pembe, mmoja anasema hivi na mwingine anasema vile. Naweza kufuata bweha mpaka kwenye mpaka wa hifadhi, lakini hizi saa chache za zizini kwetu hakuna maabara itakayozifikia. Wewe ndiye unayejua, na ndiyo hasa sababu ya kukuandikia. Nakuuliza nikijua hutajibu.

Mzee Luhende amerudishia nguzo zake, na Baba Mkubwa alibeba mbili kwa mabega yake mwenyewe bila kusema samahani, unamjua. Mama alimpelekea maziwa ya mgando. Wakasalimiana mlangoni muda mrefu, nami nikaondoka ili wasione nawaangalia.

Naenda, Baba. Kesho asubuhi tuna chanjo upande wa Mpimbwe, na nitakuwa karibu na kaburi lako, nitapita kung'oa majani. Nitalala na deni hili la moyo, nimelikubali. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Wafugaji wananipigia simu sasa, wengi tu, wananiita daktari, na wanasubiri nijibu. Mtu akinieleza mnyama ambaye simwelewi, nitamwambia, "Sijui. Usimguse mdomo, nakuja." Wewe ulistahili kuambiwa hivyo, na ungenisubiri.

Lala salama.

Kabula