Maua Uliyoyapima Msituni

Mpendwa mama,

Nimerudi sasa hivi, koti bado sijalivua, nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Ulipostaafu unesi, wenzako walirudi Moshi kujenga. Wewe ulijiunga na watu wanaojitolea kutunza ule msitu mdogo, vituo vichache vya basi kutoka kwetu Thornton Heath, huku ugenini. Siku ya kwanza nilikusindikiza. Msimamizi alituonyesha miti mirefu, akasema msitu ni mzima. Wewe ulikuwa umeshapiga magoti kwenye tope.

"Hiki kimeng'atwa," ulisema, ukinionyesha kikonyo kilichokatika, pembeni ya maua ya buluu. "Kulungu wamepita hapa. Miti mikubwa hawaifikii, haitatuambia kitu. Maua ndiyo yatatuambia."

Nilikujibu kwa Kiingereza kwamba watu wanatutazama. Ulitoa futi yako ya kushonea, ukapima.

Baadaye ukamwomba msimamizi akuruhusu kuzungushia wavu kipande kimoja. Kila majira ya kuchipua ulipima vikonyo vya ndani na vya nje, ukahesabu vilivyong'atwa, ukaandika kwenye daftari kwa mwandiko ule uliokuwa ukiandikia joto la wagonjwa. Hata ulipoanza matibabu ulikwenda. Mwaka wako wa mwisho nilipima mimi, nawe umekaa kwenye kiti cha kukunja ukinisahihisha: "Anzia kwenye udongo, mwanangu, si kwenye majani."

Leo nilipeleka daftari zako kwenye mkutano wa watunza msitu. Nikawasomea: ndani ya wavu maua yamerefuka na kuongezeka mwaka hadi mwaka, nje yamezidi kuwa mafupi, na mengi hayana vichwa. Msimamizi aligeuza kurasa zako polepole, kisha akakiri mbele ya wote kwamba miaka yote alikuwa akitazama juu. Wamekubali kulungu wapunguzwe, na maua yatapimwa kila mwaka kwa namna yako, ili wajue kama waliopunguzwa wanatosha.

Mama mmoja akauliza kipimo hiki ni cha mtaalamu gani.

"Ni cha mama yangu," nikasema. "Alikuwa nesi."

Akachukua kalamu. Nikalitaja jina lako lote, herufi kwa herufi, nikasubiri hadi akaliandika sawasawa.

Lala salama, mama. Najivunia wewe.

Binti yako wa pekee